Mfuko wa Chakula cha Sato: Usisome Protini Peke Yake

Wafugaji wengi wakinunua chakula cha sato hutazama asilimia ya protini, kisha huchukua mfuko wenye namba kubwa. Protini ndiyo inayojenga nyama, na ndiyo inayopandisha bei. Lakini kabla ya kukua, samaki hutumia nishati kupumua, kuogelea na kumeng'enya chakula. Wanga na mafuta visipotosha, mwili wake huchoma protini ileile uliyoilipia. Nitrojeni inayobaki kutoka kwenye protini hiyo hutoka kwenye matamvua ikiwa amonia, na amonia ikizidi bwawani huwa sumu.

Kuzidisha nishati nako kuna hasara yake. Samaki hushiba mapema kabla hajapata protini ya kutosha, na ziada hugeuka mafuta. Ukimpasua sato ukakuta utumbo umezungukwa na mafuta mengi meupe, kagua chakula na kiasi unacholisha.

Vifaranga wachanga wa sato huhitaji protini ya asilimia 40 hivi au zaidi. Wanaokuzwa kwa ajili ya soko hutosheka na 25 hadi 30. Kambare anataka zaidi, na hawezi kutumia wanga vizuri kama sato, kwa hiyo usiwape chakula kimoja kwa sababu tu wote ni samaki.

Kwa anayechanganya mwenyewe, tuchukue dagaa wenye protini asilimia 60 na pumba za mahindi zenye 12. Ili kupata 30, katika kilo 100 weka dagaa kilo 37.5 na pumba kilo 62.5. Hesabu hiyo ni ya dagaa safi. Wakiwa na mchanga, na mara nyingi wanao, umenunua mchanga kwa bei ya dagaa. Pumba zenye makapi mengi nazo hujaza tumbo bila kutoa nishati. Sehemu ya dagaa inaweza kuchukuliwa na soya, ila ikaangwe kwanza: soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini isimeng'enywe.

Andika kilo za chakula ulizolisha, uzigawe kwa kilo za samaki zilizoongezeka. Kwa sato, 1.5 ni matokeo mazuri. Ikivuka 2, chunguza mchanganyiko na ulishaji kabla ya kumlaumu aliyekuuzia vifaranga.