Laitimotifu: Kinachosubiriwa Katika Muziki wa Filamu ya Mwendelezo

Laitimotifu ni mahadhi mafupi ambayo mtunzi wa muziki huyafungamanisha na mhusika, mahali, kitu au wazo fulani katika hadithi, kisha akayarudisha kila jambo hilo linapotokea au linapokumbukwa. Neno lenyewe ni la Kijerumani, na lilienea kutokana na opera za Richard Wagner, hasa zile nne za Der Ring des Nibelungen zilizochezwa kwa ukamilifu wake kwa mara ya kwanza mjini Bayreuth mwaka 1876. Aliyekua akisimuliwa ngano usiku anaijua kazi yake hata kama hakuwahi kulisikia jina: bibi akishauimba mara mbili ule wimbo mfupi wa zimwi, mara ya tatu watoto husogeleana kabla zimwi halijatajwa.

Kwa hiyo anayesubiri muziki wa filamu ya mwendelezo anasubiri zaidi ya nyimbo mpya. Filamu ya kwanza imekwisha kumfundisha lugha, na hamu yake ni kusikia mtunzi atasema nini kwa lugha hiyo sasa. Filamu za fantasia zinaihitaji mbinu hii kuliko nyingine, kwa sababu mtazamaji huingizwa katika nchi zisizokuwapo, zenye falme nyingi na majina magumu, na aghalabu sikio huitambua nchi kabla jina lake halijakumbukwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kazi ya Howard Shore, mtunzi wa Kanada aliyeandika muziki wa filamu tatu za The Lord of the Rings zilizotoka mwaka 2001, 2002 na 2003. Katika filamu ya kwanza, Boromir, shujaa wa ufalme wa Gondor, anaposimama barazani kuusemea mji wake, baragumu moja la shaba linapiga kwa upole mahadhi ya Gondor, kisha linanyamaza. Mahadhi hayo yanapita haraka, na wengi hawakuyatia maanani. Miaka miwili baadaye, katika filamu ya tatu, mchawi Gandalf na mwenzake Pippin wanapanda kwa farasi barabara za Minas Tirith, mji mkuu wa Gondor, ngazi baada ya ngazi, na mahadhi yaleyale yanapaa pamoja nao kwa okestra nzima. Anayeyakumbuka hupata kitu ambacho picha peke yake haiwezi kumpa, kwa maana anauona mji ambao Boromir aliulilia, na Boromir mwenyewe amekwisha kufa.

Mwendelezo pia huleta mahadhi mapya, na hapo uteuzi wa ala hubeba nusu ya maana. Kwa ajili ya Rohan, nchi ya wapanda farasi inayoingia katika filamu ya pili, Shore alitumia fidla ya Hardanger kutoka Norwei. Chini ya nyuzi zinazopigwa kwa upinde, fidla hiyo ina nyuzi nyingine zisizoguswa, ambazo hulia zenyewe kwa kuitikia zile za juu, na ndiyo maana sauti yake inasikika kama imetanguliwa na upepo. Wakati huohuo mahadhi ya ule msafara wa watu tisa walioungana kwenda kuiangamiza pete ya uovu, yaliyosikika kwa ukamilifu walipokuwa wakipanda milimani katika filamu ya kwanza, sasa yanakuja vipande vipande, kwa kuwa msafara wenyewe umetawanyika.

Mtunzi akibadilishwa, hamu huchanganyika na wasiwasi. Filamu nane za Harry Potter zilipita mikononi mwa John Williams, Patrick Doyle, Nicholas Hooper na Alexandre Desplat, lakini mahadhi ya Hedwig, bundi wa Harry, aliyoyatunga Williams, yale yanayoanza kwa selesta, kinanda chenye sauti ya vikengele, yaliendelea kurudi hadi mwaka 2011. Naona ilikuwa busara, maana mahadhi yakishakaa masikioni mwa watu huwa ni mali ya hadithi, na mtunzi mgeni hana budi kuyapokea kama mtu anavyopokea ufunguo wa nyumba.

Kuyarudisha tu, hata hivyo, hakutoshi. Mwaka 2012 Shore alirejea na The Hobbit: An Unexpected Journey, filamu ya ulimwengu uleule wa The Lord of the Rings, na filimbi ya Shire, nchi ya watu wafupi waitwao hobbit, iliposikika tena, wasikilizaji walijiona wamefika nyumbani. Lakini karibu na mwisho, Thorin, kiongozi wa mbilikimo, anaposhuka kati ya miti inayowaka kumkabili adui yake Azog, filamu inapiga mahadhi yaliyokuwa ya Nazgûl, wale wapanda farasi weusi watumwa wa Sauron, bwana wa uovu katika The Lord of the Rings, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyepo pale. Kwa anayesikiliza muziki bila kujali historia yake, kipande hicho kina nguvu na kinafaa vita. Kwa aliyejifunza maana yake tangu mwaka 2001, kinamtaja mtu asiyekuwapo, naye anabaki akimtafuta kwenye picha.