Herufi ya kwanza ya valvu: redio ya babu inavyogeuka amplifaya ya gitaa

Kijana mpiga solo aliingia kibandani kwangu amekumbatia redio iliyofungwa kwa kanga.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Imekufa?"

"Haijasema tangu babu afariki. Lakini stesheni sizitaki. Nataka nichomeke gitaa."

Nilifungua kadibodi ya nyuma, nikapuliza vumbi, nikaanza kusoma herufi zilizoandikwa kwenye valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya redio. Sikugusa kitu kingine chochote kwanza. Valvu za Ulaya zina alfabeti yake, na herufi ya kwanza inaeleza jinsi hita, ule uzi wa moto ndani ya valvu, inavyopashwa moto. E ni volti 6.3, na mara nyingi redio hiyo ina transfoma ya umeme. D ni ya betri, volti 1.4. U ni miliampia 100, hita zote zimepangwa mstari mmoja kama taa za harusi, na humo ndani kwa kawaida hamna transfoma.

Hiyo U ndiyo iliyonifundisha adabu. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi nilichomeka gitaa kwenye redio yenye UCH81, UL84 na UY85. Chesisi (fremu ya bati) ya redio za namna hiyo imeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa umeme wa ukutani. Ukipindua plagi, chesisi inakuwa na volti 230. Kutoka chesisi umeme unaingia kwenye jeki, kutoka jeki unafika kwenye nyuzi za gitaa, na nyuzi ndizo ulizoshika. Nilikuwa peku juu ya saruji. Kilichoniokoa ni mkanda wa gitaa kukatika. Kwa hiyo ukiniletea redio ya U nitaitengeneza iendelee kuwa redio, basi. Ya D nitakurudishia: DL96 inatoa wati 0.2 hivi, haifiki hata mlangoni.

Hii ya kijana ilikuwa ya E: ECH81, EF89, EBC81, EL84, EZ80. Nilicheka. Mbili za kwanza kazi yao ni kukamata stesheni. Tatu za mwisho tayari ni amplifaya: EBC81 inakuza sauti, EL84 inaisukuma spika, EZ80 inageuza umeme wa AC kuwa DC. Transfoma ya umeme ipo, ya spika ipo, spika ipo, na sanduku la mbao lipo. Hapa watu wengi hudhani nitajenga kitu kipya. Sijengi. Nabomoa nusu moja, natibu nusu nyingine, halafu naongeza hatua moja tu ya kukuza. Wala si ujanja wangu: Leo Fender alikuwa fundi redio huko Fullerton, California, alifungua duka lake mwaka 1938, na zile amplifaya zake ndogo za Champ ni ndugu wa damu wa sehemu ya sauti ya redio.

Redio nzima inayokamata stesheni siivunji, hata ukinilipa mara mbili. Hii koili zake zilikuwa zimeliwa na chumvi ya bahari hadi zikawa kijani, na kondensa ya kutafutia stesheni imepinda mabati. Nikakubali.

Siku ya kwanza gitaa lilikaa kwenye mfuko wake. Waya wa zamani wa nyuzi mbili niliutupa, nikaweka wa nyuzi tatu, wa ethi nikaufunga kwa boliti kwenye chesisi, na waya wa moto nikaupitisha kwenye fyuzi kisha swichi. Kile kigurudumu cha kuchagulia volti kilikuwa kwenye 220. Nikakisogeza kwenye 245, maana mtaani kwetu usiku mita inasoma 240, na hita haipendi kupikwa.

Kisha kapasita, vihifadhi vya umeme. Zile kubwa za kuchuja umeme zikikaa miaka bila kazi hukauka, na redio ikiwa imezimwa zinaweza kubaki na volti 250 na zaidi. Nazimwaga kwa rezista ya kilo-omu 10 yenye vibano, mkono mmoja mfukoni, halafu nahakikisha kwa mita. Mpya niliweka za maikrofaradi 47 za volti 450. Usishawishike kuweka 220 ukidhani utaua mvumo wote: EZ80 inavumilia 50 tu kwenye kapasita ya kwanza, ukizidisha unaichosha kila unapowasha.

Lakini kapasita inayoua amplifaya ni ile ndogo ya nta, kati ya anodi ya EBC81, inakotokea sauti, na gridi ya EL84, inakoingilia. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia DC. Ikizeeka inavujisha, gridi inapata volti chanya, EL84 inavuta umeme kupita kiasi, bati lake la anodi linaiva jekundu, na transfoma ya spika inaungua. Transfoma hiyo hupati dukani. Nilichomoa EL84, nikawasha kupitia balbu ya zamani ya wati 60 iliyofungwa mfululizo, nikapima pini ya 2 ya soketi. Inatakiwa sifuri. Nikasoma volti 11. Kapasita nje.

Baada ya kuibadilisha nilirudisha EL84 na kupima rezista ya kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni), ya omu 135: volti 7.1. Maana yake miliampia 52 na ushei zinapita. Toa 5 za skrini, yaani gridi ya pili, anodi inabaki na 47, na kwa volti 240 unapata wati 11 na kidogo. Kikomo ni 12. Hapo nililala usingizi.

Hatua ya kuongeza ndiyo tamu. Ukichomeka gitaa kwenye tundu la gramafoni nyuma ya redio, litalia kinyonge, kwa kuwa EBC81 peke yake haitoshi. Inahitajika ECC83, ambayo bado inatengenezwa hadi leo. Niliiweka kwenye soketi ya ECH81: zote zina pini tisa, na zote hita zake zinakula ampia 0.3 kwa volti 6.3, kwa hiyo transfoma haitajua kuna mgeni. Angalia tu kwamba kwenye ECC83 pini 4 na 5 zinaungwa pamoja, na waya wa pili wa hita unakwenda 9. Natumia nusu moja. Jeki inashuka chini, yaani kwenye chesisi, kwa rezista ya megaomu 1, halafu kilo-omu 68 kwenda gridi; anodi kilo-omu 100; kathodi kilo-omu 1.5 na kapasita ya maikrofaradi 22. Kutoka anodi, kapasita ya maikrofaradi 0.022 inakwenda kwenye volyumu ileile ya babu. Umeme wake nauchuja mara moja zaidi kwa kilo-omu 22 na kapasita nyingine.

EBC81 yenyewe ilikuwa na kathodi chini moja kwa moja na rezista ya megaomu 10 kwenye gridi. Kwa sauti laini ya mtangazaji inafaa. Kwa gitaa lililokwisha kukuzwa, gridi inakabwa na sauti inakatika kwa kigugumizi. Nikaweka megaomu 1, na kathodi nikaipa kilo-omu 2.2. Zile diodi zake mbili nikazifunga chini.

Ikavuma, bila shaka. Mvumo una lugha, na gitaa ndilo kamusi. Piga uzi wa sita ukiwa umebana freti ya tatu: ni G, hezi 98. Mvumo ukikaribiana na noti hiyo, ni hezi 100, tatizo lipo kwenye uchujaji wa umeme. Ukiwa oktavu moja chini, ni hezi 50, tafuta nyaya za hita au ethi. Wetu ulikuwa wa chini. Nikasokota nyaya za hita kama kamba, nikazilaza kwenye kona ya chesisi, na waya wa jeki nikauvika wavu. Ukabaki mnong'ono.

Kijana alirudi Ijumaa. Volyumu ikiwa nusu, solo lilikuwa safi, lina kengele kidogo juu. Alipofungua yote, EL84 ikaanza kukwaruza kwa raha, noti zikakunjana badala ya kuvunjika. Ni wati 5 hivi. Mbele ya mpiga drams zitamezwa, nilimwambia hivyo, aweke maikrofoni mbele ya spika.

"Na hii taa ya kioo cha stesheni, fundi?"

Nilikuwa nimeikata. Nikawasha pasi tena, nikailehemu.