Jasho si mafuta, jamani

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, tukiwa tunaanza kupanda kuelekea mtaa wa Kadutu hapa Bukavu, mama mmoja wa kundi langu la mazoezi alikuja amevaa koti la mvua, ndani yake sweta, na tumbo amelifunga sasheti nyeusi, mfuko wa plastiki. "Kocha, leo mafuta yatatoka!" Wenzake wakamshangilia. Mwaka huu peke yake nimeshavua watu sasheti mpaka nimechoka.

Mama, kilichotoka pale ni maji na chumvi. Mwili unatoa jasho ili upoe, basi. Kama jasho lingekuwa mafuta, shukeni mteremko wa Ngomo mfike Uvira kwenye joto: kule watu wanaloa wakiwa wamekaa tu chini ya mwembe, na wanene wapo kama hapa kwetu. Sisi Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu, kuna baridi, unaweza kupanda mlima saa nzima na shati likabaki karibu kavu. Kazi umeifanya vilevile.

Mafuta yanaenda wapi, basi? Mengi yanatokea puani. Katika kilo 10 za mafuta ambazo mwili umezitumia, kama kilo 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa kaboni dioksaidi, na 1.6 zinageuka maji. (Tafadhali, asije mtu kesho kuniambia anahema haraka haraka kitandani ili akonde. Ni misuli inayofanya kazi ndiyo inayoyachoma. Pumzi inabeba majivu tu.)

Mizani ndiyo inayowadanganya watu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ukitoka jasho lita moja, mizani inakupongeza. Mimi mwenyewe, nilipokuwa na kilo 96, nilijifunga plastiki hiyohiyo. Asubuhi nilipoteza kilo 2, nikatembea mtaani kama bwana harusi. Jioni, baada ya maji na supu, zote zimerudi. Kilo moja ya mafuta ya kweli ni kama kalori 7,700. Mtu wa kilo 70 anachoma takriban kalori 70 kwa kila kilomita anayokimbia. Piga hesabu: ni zaidi ya kilomita 100. Asubuhi moja haitoshi, hata ukivaa godoro.

Tena ni hatari. Mwishoni mwa 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu Marekani walikufa ndani ya wiki chache, vijana wenye nguvu, wakijitoa jasho kwa nguo zisizopitisha hewa ili wafikie uzito wa shindano. Baada ya hapo nguo hizo zikapigwa marufuku katika mchezo wao. Kwa hiyo kwangu sasheti inabaki mlangoni, na kila mtu anakuja na chupa yake ya maji.

Mengine ambayo watu wanayaamini bure nitayapitia haraka.

Limau na maji ya moto havikati tumbo. Vinakata kiu.

Bugali (ugali) la usiku halina dhambi kuliko la mchana. Mwili hauangalii saa, unaangalia wingi. Na watu wanalionea bugali bure huku sombe, mboga ya majani ya muhogo, inaogelea kwenye mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese ni kama kalori 120, na nimeona sufuria za familia zikimiminiwa kutoka kwenye kidumu bila kupima. Mimi nilipungua nilipoanza kupima mafuta kwa kijiko, nikaongeza lengalenga (mchicha) na maharagi, sambaza, wale samaki wadogo, nikazichemsha na nyanya badala ya kuzikaanga, na nikamwacha motari na pikipiki yake aende zake nikapanda kwa miguu. Ilichukua mwaka na nusu. Hakuna aliyenishangilia.

Bia? Chupa kubwa ya sentilita 72 ina kalori 300 hivi. Akina papa wanaonihoji kuhusu bugali huwa hawaulizi hilo.

Halafu kuna dada zetu wanaokataa kunyanyua uzito, eti watakuwa kama wanaume. Homoni inayojenga misuli mikubwa wanayo kidogo sana ukilinganisha na wanaume. Waangalieni akina mama wabeba mizigo wanaopanda Kadutu kila siku na kilo 50 mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Nani kati yao amegeuka mwanaume? Shida yao ni malipo.