Nyumba za Dar: yanayosemwa na madalali, na ukweli wake

"Ukishasaini kwa mwenyekiti wa mtaa, nyumba ni yako."

Hii ndiyo inayowaliza wengi, kwa hiyo naanza nayo. Mauziano mengi ya Chanika, Goba au Mbagala yanakwenda hivi: karatasi ya mkataba, picha za pasipoti za muuzaji na mnunuzi, mashahidi wawili watatu, mhuri, pesa inahesabiwa mezani. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba mmeuziana. Haithibitishi kwamba aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuuza.

Kama kiwanja kina hati, omba upekuzi kwa msajili wa hati kabla hujatoa hata malipo ya awali. Utaona jina la mmiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Kama hakijapimwa, itakubidi uulize mwenyewe: majirani wa pande zote, ndugu wa muuzaji (hasa kama ni nyumba ya urithi), halafu ofisi ya mipango miji ya manispaa. Na umwone mke au mume wa muuzaji, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza.

"Serikali ya mtaa lazima ipate asilimia 10."

Hakuna sheria inayosema hivyo. Kwenye nyumba ya shilingi milioni 60 hiyo ni milioni 6, na naumia kuona watu wanazitoa kimyakimya. Asilimia 10 iliyopo kisheria ni kodi ya ongezeko la mtaji: inakwenda TRA (Mamlaka ya Mapato), anailipa muuzaji, na kwa kawaida inakatwa kwenye faida, si kwenye bei yote. Kwa hiyo muuzaji, tunza risiti za saruji, nondo na mabati, maana bila hizo huwezi kuthibitisha gharama zako. Mnunuzi ana ushuru wake wa stempu.

"Bei za Dar hazishuki."

Zinashuka. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wenye nyumba kubwa Masaki na Oysterbay walibaki wakitafuta wapangaji, na kodi za pango zikapungua. Mwaka huohuo Daraja la Nyerere lilifunguliwa, Kigamboni ikawa karibu na mjini. Jiji moja, mielekeo miwili. Muuzaji anayepanga bei kwa kujumlisha alichotumia kwenye marumaru na jipsamu anajidanganya, kwani mnunuzi analipia kwanza barabara, maji na hati. Nyumba ikizungushwa na madalali kumi kwa miezi mingi, wanunuzi huanza kuuliza ina tatizo gani.

"Nyumba imesimama miaka 20, nani ataivunja?"

Waulize wa Kimara hadi Kibamba. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro zilipigwa X na kubomolewa, kwa hoja kwamba zimo ndani ya hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ya mita 121.5 kila upande. Baadhi zilikuwa zimekaliwa na familia kwa miaka mingi. Umri wa nyumba hauisogezi mipaka ya hifadhi.

Mabondeni nako hivyohivyo. Bonde la Msimbazi lilifurika vibaya Desemba 2011, na mwishoni mwa 2015 nyumba zikavunjwa. Ukiitiwa kiwanja cha bei rahisi karibu na mto, kakikague masika, kati ya Machi na Mei, siku ambayo mvua imenyesha usiku kucha.