Toba: maana yake kwa Mkristo anayeishi katikati ya rushwa

Toba, kwa mafundisho ya Kikristo, ni mtu kugeuka. Anaiacha njia aliyokuwa akiifuata, anamrudia Mungu, na kugeuka huko kunaonekana katika mambo anayoyafanya tangu siku hiyo. Makanisa yana namna tofauti za kulieleza jambo hili. Mkatoliki atakutajia Sakramenti ya Kitubio na yanayodaiwa kwa anayetubu: majuto, maungamo na malipizi. Mlokole atakueleza siku aliyookoka na mambo aliyoyaacha. Mlutheri atakukumbusha kwamba hoja ya kwanza kati ya zile 95 za Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa, mwaka 1517, ilisema maisha yote ya mwamini yawe ya toba. Lakini wote wanafundisha jambo moja ambalo mahubiri yetu mengi hulipita haraka: aliyemdhulumu mwenzake anadaiwa na mwenzake pia, na deni hilo halifutwi na machozi.

Nalisisitiza kwa sababu ya mahali tunapoishi. Faili halitoki mezani mpaka kitolewe kitu kidogo. Askari barabarani anataka ya chai. Mshindi wa zabuni anajulikana kabla tangazo halijabandikwa. Jumapili karani yule, askari yule na mkubwa yule wa zabuni wamo kanisani, wanaisema sala ya toba pamoja nasi, na Jumatatu kazi inaendelea kama kawaida. Wengi wao hawaoni mgongano wowote. Wamelelewa wakiamini kwamba dhambi za kutubiwa ni ulevi, uzinzi na kwenda kwa mganga, na kwamba rushwa ni jambo la TAKUKURU, taasisi ya serikali ya Tanzania ya kupambana na rushwa, na mahakama.

Yohana Mbatizaji hakuona hivyo. Katika Luka 3 anawaambia watu waliomfuata mto Yordani, "Toeni matunda yapatanayo na toba." Wanamuuliza wafanye nini, naye anamjibu kila mmoja kwa kazi yake. Watoza ushuru anawaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari anawaambia wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, na watosheke na mishahara yao. Hakuwaagiza kufunga siku kadhaa wala kuongeza ibada. Aliwarudisha kwenye kituo cha kazi, pale pale walipokuwa wakiwaumiza watu. Hakumwambia mtoza ushuru aache kazi, ingawa kazi ile ilichukiwa na taifa zima. Alimtaka aifanye kwa haki.

Mahali Biblia inapolionyesha jambo hili kwa ukamilifu ni Yeriko, nyumbani kwa Zakayo, katika Luka 19. Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru. Kwa utaratibu wa siku zile, mtoza ushuru alipeleka kwa wakubwa kiasi kilichotakiwa, na kilichozidi kikawa chake; ndiyo maana kitabu kinasema alikuwa tajiri, na ndiyo maana watu wakanung'unika Yesu alipokwenda kwake. Zakayo akasimama akasema, "Nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne."

Hiyo mara nne haikuokotwa hewani. Torati, katika Hesabu 5, ilimwagiza mtu anayeungama mwenyewe arudishe mali yote aliyoichukua na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Zakayo alikuwa anaungama mwenyewe, hakuna aliyemkamata. Angeweza kurudisha na kuongeza ile sehemu ya tano, na hakuna mwalimu wa sheria ambaye angemdai zaidi. Yeye akachukua kipimo cha Kutoka 22, ambako mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza hulipa kondoo wanne kwa mmoja. Kwa kukichagua kipimo hicho alijihesabu mwizi, mbele ya wageni wake, wakati jirani zake serikalini wangeiita fedha ile ziada, posho au asante. Naona hapo ndipo toba ya mtu wa ofisini inapoanza, katika siku anayoacha kuyatumia majina hayo.

Tazama pia mpangilio wa kisa. Yesu aliingia nyumbani kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Neema ilitangulia, malipo yakafuata. Anayesoma habari hii akadhani Zakayo aliununua wokovu ameisoma kinyume, na pia anayedhani neema ingemfikia Zakayo na kumwachia sanduku lake likiwa limejaa.

Kuna toba za bandia, nazo Biblia imezionyesha wazi. Mfalme Sauli, alipobanwa na nabii Samweli, alisema "Nimekosa", kisha katika sentensi hiyo hiyo akaomba aheshimiwe mbele ya wazee wa watu wake. Alikuwa anaitetea sura yake. Yuda naye alikwenda mbali kuliko Sauli: alijuta, akavirudisha vile vipande 30 vya fedha, akakiri kwamba amesaliti damu isiyo na hatia. Fedha ilirudi, lakini yeye hakumrudia Bwana wake, alikwenda akajinyonga. Mtume Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba iko huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu, iletayo toba, na iko huzuni ya dunia, iletayo mauti. Kwa hiyo mtu anayesema "nimesharudisha, mambo yamekwisha" naye hajafika, kama ambavyo hajafika anayelia madhabahuni na kuondoka na mali ya watu.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya misheni Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Uganda. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ukashuka Gahini, ukaenea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Waliookoka hawakuishia kushuhudia kwa maneno. Walirudisha vitu walivyoviiba kwa waajiri wao, walilipa madeni ya zamani, walikwenda kwa majirani kuomba radhi kwa mambo ambayo majirani wenyewe hawakuyajua. Wamisionari wa Kizungu nao waliungama mbele ya Waafrika kiburi chao cha rangi, jambo ambalo ukoloni haukulitarajia. Waliita maisha hayo kutembea nuruni, kwa maneno ya waraka wa kwanza wa Yohana.

Toba ile iliwaandaa kwa majaribu makubwa zaidi. Kenya ilipotangaziwa hali ya hatari mwaka 1952, wengi wa ndugu wa uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia kubeba silaha za serikali ya kikoloni. Wapo waliouawa kwa msimamo huo. Uganda, Janani Luwum aliokoka mwaka 1948 kupitia uamsho huo huo; mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Waanglikana wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji na unyanyasaji wa raia. Tarehe 16 ya mwezi huo akauawa, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Mtu aliyekwisha kuzoea kusema ukweli juu yake mwenyewe alikuwa na nguvu ya kumwambia mtawala ukweli.

Lakini yapo ya kutuogopesha. Rwanda hiyo hiyo ya Gahini, nchi iliyojaa makanisa, ndiyo iliyopatwa na mauaji ya kimbari mwaka 1994. Ntarama na Nyamata watu walikimbilia kanisani wakauawa ndani yake, na wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa kama waliowaua. Baba anaweza kutubu kweli, na mwana akarithi maneno ya toba tu, nyimbo zake na ushuhuda wake, bila kuguswa. Hii ndiyo sababu hoja ile ya Luther juu ya maisha yote inafaa kuchukuliwa kwa uzito: kila kizazi, na kila mwaka wa ajira, unaidai upya.

Hapo tunakutana na uaminifu. Kubaki mwaminifu katika jamii iliyooza ni toba hiyo hiyo ikiendelea siku kwa siku. Nabii Isaya alipouona utukufu wa Mungu alisema yeye ni mtu mwenye midomo michafu, anayekaa kati ya watu wenye midomo michafu. Alianza na midomo yake. Danieli, ambaye maadui zake walimchunguza kazini wasimwone na kosa kwa kuwa alikuwa mwaminifu, ndiye aliyeomba katika sura ya 9 akisema "tumefanya dhambi", wala hakusema "wamefanya". Nataja hili kwa sababu ya mikutano yetu ya toba ya kitaifa. Ni mikutano mizuri, na nchi inaihitaji. Inaharibika pale tunapotubu kwa sauti dhambi za wanasiasa, huku kamati ya ujenzi ya usharika haijasoma mapato na matumizi kwa waumini.

Samweli ametuachia mfano ambao ningetamani kila anayestaafu aufuate. Akiwa mzee, katika 1 Samweli 12, anasimama mbele ya taifa zima na kuuliza: nimetwaa ng'ombe wa nani, nimemdhulumu nani, nimepokea rushwa mkononi mwa nani? Kama yupo, niambieni, nitarudisha. Aliomba akaguliwe hadharani. Na huyu ni baba ambaye wanawe waliokuwa waamuzi walikula rushwa. Uaminifu wake haukuwarithisha uaminifu, naye hakuwaficha.

Swali linaloumiza wengi ni la yule anayetoa. Mama amefika na mgonjwa, anaambiwa bila kitu hapati huduma. Je, naye atubu? Yohana Mbatizaji aliwahubiria watoza ushuru na askari. Hatusomi akiwakaripia waliotozwa kupita kiasi. Kutoka 23 inasema usipokee rushwa, kwa kuwa huwapofusha macho hao waonao. Naamini kuna tofauti kubwa kati ya aliyeporwa haki yake mlangoni na mfanyabiashara anayetoa bahasha ili ampiku mwenzake aliyestahili. Wa kwanza anahitaji kutetewa, na kanisa lingekuwa na wanasheria na wahudumu wa kumsindikiza dirishani kuliko kumwongezea hatia. Wa pili ana watu wa kuwarudishia.

Na anayekataa kupokea, asiachwe peke yake. Wenzake humwona msaliti, cheo kinachelewa, nyumbani ada ya shule inadai. Ndugu wa uamsho walikutana mara kwa mara katika ushirika, wakaulizana hali bila kufichana. Mwanamke au mwanamume wa ofisi ya leo anahitaji watu wawili watatu wa namna hiyo wanaojua mshahara wake na majaribu yake kwa majina.

Wengine wanataka kurudisha, ila hawajui kwa nani. Madereva waliotoa ya chai miaka kumi iliyopita hawana anwani. Hesabu 5 ililiona hilo pia: asipokuwapo mwenye mali wala jamaa wa kupokea, malipo yaliwekwa mbele za Bwana, yakawa ya kuhani, na wachungaji na mapadri wengi huelekeza fedha ya namna hiyo iende kwa maskini. Iliyochukuliwa kutoka mfuko wa umma irudi kwenye mfuko wa umma, hata kwa mafungu. Anayeogopa sheria, na hofu hiyo si ya kubezwa, aanze kwa mtu anayeweza kutunza siri. Padri hawezi kutoboa yaliyosemwa katika kitubio, na anaweza kukubali kuifikisha fedha kwa mwenyewe bila kumtaja aliyemkabidhi.