Samaki wa anemoni wa pwani yetu: rangi hudanganya

Samaki hawa wadogo huishi kati ya minyiri, yaani mikono laini, ya anemoni wa baharini.

Dhana: Yule mdogo wa chungwa ni Nemo.
Nemo wa katuni ana mikanda mitatu myeupe, na samaki wa namna hiyo, *Amphiprion ocellaris*, kwao ni kuanzia Bahari ya Andamani hadi kaskazini mwa Australia. Kwenye miamba ya Kenya na Tanzania utakutana na wawili wengine. *Amphiprion allardi* ana mwili wa kahawia iliyoiva, mapezi ya manjano, mkia mweupe, na mikanda miwili inayoshuka toka mgongoni. *Amphiprion akallopisos* hana mkanda hata mmoja: ana mstari mweupe mwembamba unaoanzia kati ya macho na kufuata mgongo mpaka mkiani.

Dhana: Rangi yatosha kumtambua.
Haitoshi. Maji humeza nyekundu na chungwa kwanza, hivyo kwenye mita kumi samaki wa chungwa huonekana wa kijivujivu. Mmulike kwa tochi, au hesabu mikanda, ambayo haipotei.

Dhana: Samaki yeyote ndani ya anemoni ni jamii hiyo.
Mweusi mwenye madoa matatu meupe, moja kwenye paji la uso na moja kila ubavu, ni *Dascyllus trimaculatus*. Hujihifadhi humo angali mdogo; akikua huhama, na madoa hufifia.

Dhana: Anemoni wote ni sawa, tena ni mimea.
Anemoni ni mnyama, na ndiye anayekupa nusu ya jibu. *Akallopisos* hukaa kwa aina mbili tu. Wa kwanza, *Heteractis magnifica*, hukaa waziwazi juu ya mwamba. Ana minyiri minene yenye ncha butu, na akijikunja kama mpira utaiona ngozi yake ya nje, mara nyingi ya zambarau. Wa pili, *Stichodactyla mertensii*, ametandazika kama mkeka, minyiri mifupi. Ukiona minyiri iliyovimba karibu na ncha, mguu ukiwa umezama kwenye ufa, huyo ni *Entacmaea quadricolor*: tarajia *allardi*. Tatizo ni *mertensii*, kwani *allardi* naye humkalia. Hapo rudi kwenye mikanda.

Usimkaribie samaki sana. Elea mita mbili hivi, tulia. Waliojificha watatoka wenyewe.

Dhana: Mkubwa ndiye dume.
Katika kundi la anemoni mmoja, mkubwa ni jike. Anayemfuata kwa ukubwa ni dume, wengine bado hawajapevuka. Jike akivuliwa, dume hugeuka jike na mkubwa kati ya wadogo hushika nafasi ya dume.