Maombi kwa ajili ya watu wote: maana yake, na kwa nini Kanisa halina ruhusa ya kuyaacha

Kila Jumapili, baada ya mahubiri na Nasadiki, yaani kanuni ya imani, msomaji huenda mimbarini na karatasi yake. Husoma maombi manne au matano, nasi huitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Dakika tatu, imekwisha. Wengi wetu wakati huo tunapapasa mfukoni kutafuta sadaka.

Wakatoliki huiita Sala ya Waamini, wengine husema ya Waumini, na jina hilo limewapoteza watu wengi. Mtu akilisikia hudhani ni sala ya kuwaombea waamini. Sivyo. Waamini ndio wanaoomba. Wanaoombewa ni watu wote. Jina lilitokana na desturi ya karne za mwanzo, ambapo wakatekumeni, yaani wale waliokuwa bado kwenye mafundisho ya ubatizo, walisikiliza masomo na mahubiri kisha wakaagwa. Waliobaki ndani ni waliobatizwa, na kazi yao ya kwanza baada ya wenzao kutoka ilikuwa kusimama na kuomba. Kumbe kubatizwa kulimpa mtu kazi: alikuwa sasa ana haki ya kusimama mbele za Mungu akimsemea mwingine. Kwa Kilatini sala hiyohiyo ina jina la pili lenye maana ya sala ya wote, au ya ulimwengu mzima, na hilo ndilo linaloieleza vizuri zaidi.

Chanzo chake ni mistari michache ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, ambaye alikuwa ameachwa Efeso kuliangalia kanisa la pale: "Basi, kabla ya mambo yote, nataka dua, na sala, na maombezi, na shukrani, zifanyike kwa ajili ya watu wote, kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka" (1 Timotheo 2:1-2). Sababu inakuja mstari wa nne: Mungu "hutaka watu wote waokolewe." Hoja yenyewe ni fupi. Kama Mungu hamtengi mtu, anayemwendea Mungu naye hana ruhusa ya kutenga. Wanatheolojia wamebishana karne nyingi kama "wote" ni kila mtu mmojammoja au ni watu wa kila aina, na ubishi huo una uzito wake kwenye mafundisho ya wokovu. Kwenye kuomba haubadilishi kitu. Vyovyote utakavyosoma, hutapata jirani unayeweza kumruka.

Maneno manne yale, dua, sala, maombezi na shukrani, mara nyingi huhubiriwa kama ngazi nne tofauti. Sidhani mwandishi alikusudia kutuchorea jedwali. Amelundika maneno ili tusipate pa kutokea. Ila moja linastahili kuangaliwa, nalo ni maombezi. Kwa Kigiriki ni enteuxis, na kule Misri, enzi za wafalme wa Kigiriki, neno hilohilo lilikuwa jina la ile hati ambayo mwananchi wa kawaida alimwandikia mfalme: nimedhulumiwa shamba, jirani kanipiga, naomba unisikie. Ni barua ya mtu aliyepata njia ya kufika mbele ya mkubwa. Ukilielewa hivyo, maombezi ni kuitumia nafasi yako ya kufika mbele za Mungu kupeleka shauri la mtu mwingine.

Kiswahili kimetupa zawadi hapa. Kuna kuomba, na kuna kuombea. Ile -e- ndogo katikati imebeba theolojia nzima: mdomo ni wako, haja ni ya mwenzako. Siku hizi, kwenye mabango ya mikutano ya injili, "maombezi" limekuja kumaanisha kuwekewa mikono ili upone au ufunguliwe. Watu husema, "Njoo upate maombezi." Si kosa, mgonjwa kuombewa kumo kwenye Waraka wa Yakobo. Lakini neno limegeuka likawa kitu ninachokwenda kukipokea, na lile la kwanza, kwamba maombezi ni kazi ninayokwenda kuifanya, linasahaulika polepole.

Sasa hao wafalme. Kwa wanaoshika kwamba Paulo mwenyewe ndiye aliyeuandika waraka huu, mfalme wa wakati ule alikuwa Nero, aliyetawala kuanzia mwaka 54 hadi 68, na ambaye baada ya Roma kuungua mwaka 64 aliwaua Wakristo wa mji ule kikatili. Hata wanaosema waraka uliandikwa baadaye hawawezi kututafutia mfalme Mkristo. Wakati wowote utakaouchagua, hakuwepo hata mmoja. Kwa hiyo agizo halikuwa la kuombeana na rafiki aliye ikulu.

Wala halikuanza na Wakristo. Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli wautakie amani mji ule na kuuombea, "kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani" (Yeremia 29:7). Hekaluni Yerusalemu, dhabihu ilitolewa mara mbili kila siku kwa ajili ya Kaisari na watu wa Roma. Mwanahistoria Yosefu anasimulia kwamba mwaka 66 makuhani walipoikomesha dhabihu hiyo, ndipo vita na Roma vilipoanza rasmi. Kuacha kumwombea mtu lilikuwa tangazo la vita. Ni kipimo kizuri hata cha nyumbani: ndugu ambaye umemwondoa kwenye sala zako za jioni, jiulize mko wapi naye.

Wakristo wa Roma, katika barua waliyowaandikia Wakorintho mwishoni mwa karne ya 1, inayojulikana kwa jina la Klementi, waliweka sala ndefu wakiwaombea watawala afya, amani na utulivu. Karibu mwaka 197 Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini mwenye ulimi mkali, aliwaambia wakuu wa dola: mnatushtaki kwamba hatumheshimu Kaisari, nasi tunamwombea maisha marefu, nyumba salama na majeshi hodari, bila kuamriwa na mtu. Lakini kumtolea Kaisari sadaka kama mungu walikataa, na wengine walikufa kwa kukataa. Hapo ndipo mpaka ulipo. Ukimwombea mtawala umeshakiri kwamba yuko aliye juu yake, na kwamba naye ni mhitaji.

Mpaka huo kwetu hufutika upesi. Mwaka wa uchaguzi sala ya kuwaombea viongozi huweza kugeuka kampeni, mheshimiwa akiwa kiti cha mbele na kamera zikiwa zimeshawashwa. Ukitaka mfano wa namna isivyotakiwa kufutika, angalia Uganda. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana walimwandikia Idi Amin barua ya malalamiko, wakimweleza wazi hofu iliyokuwa imeenea nchini na upekuzi uliofanywa nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum. Tarehe 16 mwezi huohuo Luwum aliuawa. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alitoroka na mkewe, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Mwaka haujaisha, akiwa uhamishoni, akaandika kwamba anampenda Idi Amin. Hakuandika kwamba Amin ametenda haki, wala hakuiondoa saini yake kwenye malalamiko. Barua ya kulalamika na sala ya kuombea vilitoka kwa watu walewale, na hawakuona kwamba vinagongana.

Wimbo wa taifa wa Tanzania, ukiusikiliza, ni sala ya aina hii. "Wabariki viongozi wake," tunaimba, na vinavyofuata ni hekima, umoja na amani. Hakuna mstari unaoomba wakae madarakani milele.

Watu wote ni pamoja na maadui, na hapa ndipo wengi wetu tunapogoma. "Wapendeni adui zenu, waombeeni wanaowaudhi," alisema Yesu (Mathayo 5:44). Kuna maombi ya usiku ambapo maadui hutajwa sana, ila si kwa kuombewa: wanaangushwa, wanapigwa, wanarudishiwa mishale yao. Anayeyaomba ana pa kushika, maana Zaburi ya 109 ina laana nzito kuliko zote nilizowahi kusikia kwenye mkesha. Sitaki kuifuta zaburi ile. Aliyedhulumiwa na kumlilia Mungu badala ya kuchukua panga amefanya jambo kubwa. Ninachosema ni kwamba Mkristo hawezi kuishia hapo na kuliita jambo limekwisha, kwa sababu aliyemfundisha kuomba aliwaombea waliokuwa wanampigilia misumari.

Kielelezo changu ni Polikarpo, askofu wa Smirna, mzee wa zaidi ya miaka themanini, aliyeuawa katikati ya karne ya 2. Askari walipofika kumkamata aliagiza waandaliwe chakula na vinywaji kadiri watakavyo, kisha akaomba wampe saa moja ya kusali. Alisimama, akasali saa mbili. Waliokuwepo waliandika kwamba aliwataja wote aliowahi kukutana nao maishani, wadogo kwa wakubwa, wenye sifa na wasio na sifa, pamoja na Kanisa lote ulimwenguni. Na baadhi ya askari wakajuta kwa nini wametumwa kumkamata mzee kama yule. Saa mbili za majina! Mimi nikifika jina la kumi na tano naanza kurudia.

Swali ambalo watoto wa katekesi huuliza bila aibu, na wakubwa hulificha: kwani Mungu hajui? Anajua. Agostino wa Hipo aliulizwa jambo kama hilo na mjane aliyeitwa Proba, akamjibu kwamba hatuombi ili kumpasha Mungu habari. Tunaomba ili hamu yetu ipanuke, tupate chombo cha kutosha kupokea anachotaka kutupa. Huwezi kumwombea mtu kila siku kwa jina lake ukaendelea kumwona kama zamani. Abrahamu alipoisimamia Sodoma, akishusha hesabu kutoka hamsini hadi kumi kama mtu anayepatana bei sokoni, mji haukupona. Lakini Abrahamu aliyerudi mahali pake jioni ile alikuwa ameshajifunza jinsi ya kuwasemea watu asiofanana nao.

Kuhusu marehemu makanisa hayako pamoja: Wakatoliki na Waorthodoksi huwaombea, Waprotestanti wengi hawafanyi hivyo, ila humshukuru Mungu kwa maisha yao.

Katika Misa ya kawaida Sala ya Waamini ilififia kuelekea karne ya 6, ikabaki hasa Ijumaa Kuu. Waanglikana waliirudisha mapema kwa namna yao. Kitabu chao cha ibada cha mwaka 1549 kina sala ndefu inayoanza kwa kukumbusha agizo la mtume la kuwaombea watu wote. Kwa Wakatoliki ilisubiri Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wao, tarehe 4 Desemba 1963, na hati ya Liturujia ilipoirudisha ilitaja mistari ileile ya Timotheo. Utaratibu wake ni huu: kwanza mahitaji ya Kanisa, halafu watawala na ulimwengu mzima, halafu wenye shida ya namna yoyote, na mwisho jumuiya ya mahali pale.

Nimewahi kukabidhiwa kazi ya kuyaandika maombi haya, Jumamosi saa mbili usiku, jumuiya yetu ilipokuwa na zamu. Nilichokiandika, nikikisoma leo, kilikuwa matangazo: tuombee kwaya inayosafiri, tuombee ujenzi wa ukumbi uende vizuri, tuombee wafadhili wetu. Maombi matano, na hakuna hata moja lililovuka uzio wa kanisa. Gereza liko mwendo wa dakika kumi kutoka pale. Padri hakusema kitu. Aliongeza tu la sita kwa mdomo wake, kwa ajili ya wafungwa na askari wanaowalinda.

Na kosa jingine nililolifanya ni mbio. Karatasi ile haina sala yenyewe. Maneno "tuwaombee wagonjwa" anaambiwa nani? Si Mungu, ni sisi. Ni mwaliko, na sala ni kile kinachofuata: kiitikio, au kimya ambacho mtu anamtafuta mgonjwa wake moyoni. Msomaji akiunganisha ombi na ombi bila kupumua, tunakuwa tumealikwa mara tano na hatujaingia ndani hata mara moja.

Ijumaa Kuu ndiyo hulionyesha hili wazi, kwa sababu pale muundo wa zamani umebaki. Maombi ni kumi. Linatajwa kusudi, mnaambiwa mpige magoti, kimya, mnasimama, padri anaifunga sala, halafu lingine. Kanisa, Papa, makleri (maaskofu, mapadri na mashemasi) na waamini wote, wakatekumeni, umoja wa Wakristo. Wayahudi, ambao hadi mwaka 1959 walitajwa hapo kwa neno la kuwadhalilisha, mpaka Papa Yohane XXIII alipoliondoa. Hata sala ya kuwaombea wote imewahi kuhitaji toba. Halafu wasiomwamini Kristo. Mpaka hapo magoti yanauma, watoto wameanza kuegemea mabenchi, na shemasi bado anaendelea: la nane, kwa ajili ya wasioamini kwamba Mungu yupo. Tunashuka tena chini, kwa ajili ya watu ambao saa tisa hiyo ya mchana wako kwenye shughuli zao na hawajui kwamba wametajwa. Yamebaki mawili.